Zitafuteni Barua za Shamba

Barua ya wazi kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa

Waheshimiwa watunza nyaraka,

Naja kwenu na ombi moja. Naomba mzitafute na kuzihifadhi barua ambazo watu wa kawaida waliandikiana kuhusu mashamba na bustani zao katika miezi iliyotangulia vita, na naomba mwanze na barua za mwaka 1978 kutoka mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ambao baada ya vita ndio tulioupa jina la Kagera. Sizungumzii barua za makamanda, wala hati za Ikulu, wala taarifa za wakuu wa wilaya; hizo zina wenyewe na zina makabati yake. Nazungumzia, kwa mfano, barua ya mama wa Missenyi kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, inayosema kwamba mvua za vuli zimewahi, kwamba migomba ya upande wa bondeni inaanguka kwa wadudu wanaotoboa mashina, kwamba maharage hayana wa kuyapalilia, na kwamba shauri linatakiwa kuhusu buni, kama iuzwe sasa bati zinunuliwe au ingojewe kidogo. Barua ya namna hiyo haina neno hata moja la bunduki. Hoja yangu ni kwamba kwa sababu hiyohiyo ni ushahidi wa vita, tena wa aina ambayo hakuna hati ya kijeshi inayoweza kuziba nafasi yake.

Tunavyoijua Vita ya Kagera, inaanza kwa kishindo. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yanavuka mpaka. Tarehe 1 Novemba anatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto Kagera sasa ni la Uganda. Tarehe 2 Mwalimu Nyerere analihutubia taifa. Siku inayofuata daraja la Kyaka linalipuliwa. Kuanzia hapo simulizi inapanda mlima bila kugeuka nyuma, uhamasishaji, kuvuka mto, Masaka, hadi Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Hotuba ile tunaikariri mpaka leo, na makaburi ya mashujaa pale Kaboya yanatunzwa, nayo ni haki yao. Lakini ukiuliza jinsi siku ya kawaida ilivyokuwa ng'ambo ya mto mwezi Agosti 1978, simulizi inanyamaza. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kusini, nyumba zilichomwa, ng'ombe kwa maelfu waliswagwa wakavushwa mpaka, kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Kiwanda kina vitabu vya hesabu, kwa hiyo hasara yake hupimika. Kibanja cha mkulima hakina kitabu, na tunapotaja kilichopotea humo tunataja hasara bila kujua ilianzia wapi.

Na kibanja, kama wajuavyo watu wa Bukoba, Karagwe na Missenyi, si shamba la msimu mmoja. Migomba hurithiwa. Chini yake husimama mibuni na hutambaa maharage, na ardhi yenyewe katika sehemu nyingi za mkoa ule ni kongwe na si tajiri. Kilichoifanya ilishe watu wengi kiasi kile kwa vizazi ni samadi ya ng'ombe na nyasi zinazokatwa kwenye rweya, yaani mbuga zilizo nje ya makazi, kisha zikatandazwa shambani. Kwa hiyo ng'ombe aliyeporwa Novemba 1978 hakuondoka na maziwa na nyama peke yake. Aliondoka na rutuba ya shamba, na hasara yake huonekana polepole, katika mikungu inayozidi kuwa midogo mwaka hadi mwaka wakati mizinga imekwisha kunyamaza na waandishi wa habari wamekwisha kurudi kwao. Nani atatueleza ng'ombe walikuwa wangapi katika kaya ya kawaida, nyasi zilikatwa na nani, mgomba ulitegemezwa mti mara ngapi kwa mwaka? Anayeyaeleza hayo ni mtu anayemwandikia ndugu yake kwa sababu ndugu huyo ana sehemu yake katika shamba lile na anataka kujua. Hakuna ofisa anayeuliza maswali kwa undani wa namna hiyo, na akiuliza hajibiwi kwa ukweli uleule.

Bahati ya pekee ni kwamba vita ile iliikuta nchi ikiwa imejifunza kuandika. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Baada ya Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima wa 1970 na kampeni zilizofuata, majaribio ya kitaifa ya 1977 yalionyesha kwamba wasiojua wamebaki asilimia 27 hivi. Kanda ya Ziwa ilitangulia nchi nzima katika jambo hili, kwa kuwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuwa na makao yake Mwanza, ulianza huko mwaka 1968. Wenye mradi ule walitunga vitabu vya kwanza vya kusomea kufuatana na kazi za watu: wakulima wa pamba walijifunza silabi kwa mambo ya pamba, na wakulima wa ndizi kwa mambo ya ndizi. Ukawa na gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Tafakarini maana ya jambo hilo kwa kazi yenu. Maelfu ya watu wazima, wengi wao wanawake, walishika kalamu kwa mara ya kwanza wakiandika mgomba, mbegu, jembe na samadi, na miaka michache baadaye vita ikawafikia mlangoni. Sidhani kama kuna vita nyingine katika eneo letu ambayo wanavijiji waliokuwa njiani mwake walikuwa na kalamu kwa wingi ule, na walikuwa na mazoea ya kuitumia kwa mambo ya shamba.

Linganisheni na 1905. Mwezi Julai mwaka ule, huko Nandete katika milima ya Matumbi, wakulima waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulima, na tendo hilo ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Ni vita iliyoanza shambani, kwa mmea, kwa sababu ya mmea. Walio wengi kati ya waliokufa, na makadirio yanafika mamia ya maelfu, waliuawa na njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mazao na maghala. Je, mkulima wa Matumbi alisema nini juu ya pamba ile mwaka 1903 au 1904, kabla hajajua kwamba itamfikisha vitani? Alipanda mtama wake lini, ikiwa siku zake zilichukuliwa na shamba la serikali? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipowatuma wanafunzi mwaka 1968 kuwahoji wazee, walileta kazi ya thamani isiyo kifani, na bila wao tusingekuwa na lolote la kusema. Lakini mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati wa vita alikuwa amepita 80 alipohojiwa, na alikuwa anakumbuka akijua mwisho. Kumbukumbu ya mzee ni ushahidi mzito, ila imekwisha kupita katika moto wa matokeo. Pamba anayoikumbuka ni pamba iliyoleta vita.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hakikuandikwa wakati huo. Kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na kilitumika kwa madeni, mizigo, mashamba na salamu. Mwaka 1892 Carl Büttner alichapisha Ujerumani mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati hizo, zikiwemo barua. Tunachokumbuka sisi lakini ni barua ya Machemba, mkuu wa Wayao, aliyemwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa Kiswahili mwaka 1890 kukataa amri ya kwenda pwani. Inastahili kukumbukwa. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuchagua hivyo: barua inayojibu vita inaingia vitabuni, barua inayouliza kama minazi imepandwa inaachwa iliwe na mchwa. Hata hazina yenu kubwa, Nyaraka za Kijerumani zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, ni mafaili ya serikali. Pamba imo humo kwa uzito na bei. Mkulima naye yumo, lakini mara nyingi yumo anapotozwa kodi, anaposhitakiwa au anaposemewa na mtu mwingine.

Kwa mwaka 1914 tuna mfano wa upande wa pili, nami nauleta makusudi ingawa mwandishi wake alikuwa mlowezi. Karen Blixen aliolewa Mombasa tarehe 14 Januari 1914, kisha yeye na mumewe wakaenda kwenye shamba karibu na Nairobi. Mipango yao ya Denmark ilikuwa ya ng'ombe. Mume alipofika alinunua shamba la kahawa. Barua alizoanza kumwandikia mama yake na ndugu zake mwaka ule zilichapishwa 1978 kwa Kidenmark, na mtu akizisoma kando ya kitabu chake maarufu cha 1937 kuhusu shamba lile anaona kitu ambacho hoja yangu yote inakitegemea. Kitabu kinajua mwisho tangu ukurasa wa kwanza. Kinajua kwamba ardhi ile ilikuwa juu mno kwa kahawa na kwamba shamba liliuzwa 1931. Barua za mwanzo hazijui. Zimejaa matumaini, nazo zina mipango ya mtu anayedhani ana miaka mingi ya amani mbele yake, na kwa hiyo zinatuonyesha jinsi uamuzi wa kilimo ulivyofanywa, wakati kitabu kinatuonyesha jinsi ulivyojutiwa. Ni mwandishi mmoja na shamba moja, lakini ushahidi ni wa aina mbili, na ule wa kwanza hauwezi kutengenezwa baadaye hata kwa kipaji kikubwa kiasi gani.

Safari yake yenyewe ina funzo jingine. Katika meli ya Admiral alisafiri pamoja na Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akielekea Dar es Salaam kushika uongozi wa jeshi la Wajerumani. Wakafanya urafiki, na mama yule akakubali kumtafutia farasi majike. Vita ilipozuka Agosti, ahadi ile ya mifugo ilichangia kumfanya ashukiwe na Waingereza jirani zake kwamba anaupendelea upande wa adui. Ndivyo vita inavyofanya na maneno ya kawaida: inayarudia, inayasoma upya, na kuyapa maana ambayo hayakuwa nayo yalipotamkwa. Mwanahistoria asiye na barua za kabla hana namna ya kuyarudisha maneno hayo mahali pake.

Dar es Salaam napo mwaka uleule palikuwa pakiandaliwa maonesho makubwa ya koloni, yaliyopangwa kufanyika Agosti 1914, baada ya reli ya kati kufika Kigoma. Mazao yalikuwa yaonyeshwe. Badala yake ikaja vita, na jina la Kariakoo likabaki kutukumbusha wapagazi waliokusanywa mjini humo. Miaka mitatu baadaye Ugogo uliingia katika njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua nazo zikakosekana. Walichochukua wanajeshi kinajulikana kwa kiasi kikubwa kwa sababu walioandika ndio waliokuwa wakichukua. Kilichokuwamo ghalani kabla hawajafika, mbegu iliyowekwa kando, uwele uliopandwa kwa kubahatisha mahali pa mtama, hayo waliyajua wenye ghala, na hakuna barua zao.

Kuna sababu nyingine ya kuzithamini barua za mkesha, nayo ni kwamba mara nyingi ndizo za mwisho kuandikwa bila macho ya mtu wa tatu. Vita ikianza, barua hubadilika. Mwaka 1914 jeshi la Uingereza liliwapa askari wake kadi zilizochapwa sentensi tayari. Askari alikata zisizomhusu, na akiongeza neno lake mwenyewe kadi hiyo iliharibiwa. Mwaka 1939 Uingereza iliacha kutangaza utabiri wa hali ya hewa redioni hadi vita ilipokwisha 1945, kwa kuwa hata mvua ilikuwa siri. Pale ambapo hakuna mkaguzi wa barua, mwandishi mwenyewe huwa mkaguzi: anaandika kuwatuliza wa nyumbani, au anaandika kwa haraka, au anaandika habari moja tu, kwamba yu hai. Nafasi ya kulalamika kuhusu wadudu wa migomba inatoweka. Barua ya Agosti 1978 ina nafasi hiyo, na mtu akilalamika juu ya wadudu kwa ukurasa mzima anatuambia, bila kukusudia, kwamba siku hiyo wadudu ndio waliokuwa adui yake mkubwa.

Nayajua mapingamizi yatakayotolewa, na baadhi yana uzito. La kwanza litasema kwamba hakuna aliyejua kwamba ule ni mkesha, kwa hiyo kuziita barua hizo za mkesha wa vita ni kuzibandika jina tulilolijua sisi baadaye. Nakubali kabisa, na ndiyo maana naomba zisipangwe chini ya neno vita. Zipangwe kwa mahali, kwa mwezi, kwa zao, kwa mvua. Akija mtafiti wa vita atazikuta. Akija mtafiti wa migomba atazikuta pia. Tena kutojua kwao ndiko kunakozifanya zitoe ushahidi. Mbuni hauzai kitu cha maana mpaka uwe na miaka mitatu hivi, na mgomba mchanga hudai zaidi ya mwaka mmoja mpaka mkungu ukatwe. Mtu anayeandika kwamba amepanda mibuni upande wa mpakani ametoa hukumu yake juu ya miaka ijayo, hukumu ya jasho. Watu wa kule hawakuwa wageni wa hatari: mwaka 1972 ndege za Amin zilikuwa zimekwisha kuishambulia miji ya Bukoba na Mwanza. Leo ni rahisi kusimulia kwamba kila mtu aliiona vita ikija. Barua zinazoonyesha nani alikuwa bado anapanda miti ya muda mrefu, na nani alikuwa ameanza kuuza ng'ombe mapema, zinaweza kuthibitisha simulizi hiyo au kuivunja, na sioni nyaraka nyingine inayoweza.

Pingamizi la pili ni la aibu: kwamba kuzungumzia maua na mboga wakati watu wanakaribia kufa ni upuuzi, na kwamba kuhifadhi maongezi hayo ni kuufanya upuuzi uwe hazina ya taifa. Jibu langu ni kwamba majira hayasubiri siasa. Mvua za vuli zinaponyesha mtu hupanda au hukosa chakula, awe na amani moyoni au asiwe nayo. Hata bustani ya maua haikosi maana. Mwandishi Vita Sackville-West wa Sissinghurst, Uingereza, alimwandikia mumewe Harold Nicolson mwishoni mwa 1939, vita ikiwa na miezi michache tu, juu ya wazo lake la bustani ya maua meupe. Ilipandwa baada ya vita kwisha. Watu wawili waliokuwa na kila sababu ya kuogopa walikuwa wakipanga ardhi yao itafananaje siku ambayo hawakuwa na hakika ya kuiona. Nani atasema kwamba hilo halituelezi chochote kuhusu namna wanadamu wanavyoikabili hatari? Mama wa Missenyi anayeagiza mbegu za kabichi kutoka mjini hana tofauti na hao katika jambo hili, isipokuwa kwamba barua za Sissinghurst zimechapishwa na kusomwa duniani, na za kwake hazina anayezitafuta.

La tatu ndilo linalonipa shida zaidi, nalo ni faragha. Barua ya shamba katika nchi yetu karibu kila mara ni barua ya ardhi. Ndani yake kuna mpaka unaogombaniwa, urithi ambao dada walinyimwa, mahari iliyobaki, mke wa pili aliyepewa sehemu ya kibanja. Kesi za namna hiyo bado zinasikilizwa katika mabaraza yetu, na karatasi ya 1978 inaweza kumnyang'anya mtu shamba mwaka huu. Kwa hiyo siombi barua zichukuliwe na kuanikwa. Naomba utaratibu: ridhaa ya maandishi ya familia, nakala kupigwa picha na barua yenyewe kurudishwa kwa mwenyewe akitaka, majina kufichwa kwa msomaji wa kawaida, na muda wa kufungwa usiopungua ule unaotumika kwa mafaili ya serikali, hata kama maana yake ni kwamba baadhi zitasomwa na watu ambao hawajazaliwa. Zipo barua zitakazotakiwa kuachwa zilipo, na hilo nalo liheshimiwe. Lakini faragha ni sababu ya kuzishughulikia kwa adabu. Haiwezi kuwa sababu ya kuziacha zioze, kwa kuwa barua iliyooza haimlindi mtu yeyote.

Wengine watasema kwamba barua ni za waliosoma tu, kwa hiyo zitatupa picha ya tabaka moja. Kwa 1914 ni kweli: Blixen aliandika, na Wakikuyu waliopalilia kahawa yake hawakuandika. Hata hivyo barua za mlowezi, zikisomwa kwa makini, hazikwepi kutaja nani alichimba mashimo ya miche na kwa ujira gani, na mambo hayo hayamo katika hotuba za magavana. Kwa 1978 pingamizi hili linapungua nguvu kwa sababu ya kisomo nilichokieleza. Asiyejua kuandika naye alimwita mtoto wa shule amwandikie, na barua za namna hiyo zina utajiri wake, maana msemaji anasikika nyuma ya mkono wa mtoto. Kuhusu gharama sitasema mengi. Barua ni nyepesi, na kuipiga picha siku hizi kunahitaji simu, mwanga mzuri na mtu mwaminifu.

Kinachohitajika zaidi ya fedha ni uamuzi wa kukusanya kabla ya kujua thamani. Uingereza ina taasisi mbili ninazopenda kuzilinganisha. Jumba la makumbusho la vita, Imperial War Museum, lilianzishwa 1917 vita ikiwa katikati, kwa kuwa ukubwa wa tukio ulikuwa wazi kwa kila mtu. Mass-Observation ilianzishwa 1937, bado kuna amani, kwa shabaha ya kuandika maisha ya kawaida ya watu, na Agosti 1939 iliwaomba watu wa kujitolea waandike shajara za kila siku. Mamia waliitikia. Maandishi yao leo yanatunzwa na Chuo Kikuu cha Sussex, na wanahistoria wa vita ile wanayategemea kila siku, pamoja na viazi, kuku na nyanya zilizomo ndani yake. Taasisi ya pili haikuwa na akili kuliko ya kwanza. Iliwahi tu, kwa kuwa haikungoja tukio liwe kubwa ndipo ianze kusikiliza.

Sisi hatuwezi tena kuwahi 1978, lakini hatujachelewa kabisa, na hapa ndipo ombi langu linapokuwa la haraka. Barua hukaa kwa aliyeipokea. Aliyeiandika kutoka kaskazini ya mto alikimbia, na pengine nyumba yake iliungua na kila karatasi iliyokuwamo. Kwa hiyo mkizitafuta barua hizi Kyaka na Mutukula mtarudi mikono mitupu na kudhani hazipo. Zipo Dar es Salaam, Mwanza, Tanga, Morogoro na Arusha, kwa watu waliokuwa viwandani, vyuoni, jeshini na ofisini mwaka ule, wakipokea habari za nyumbani kwa anwani ya S.L.P. ya mwajiri. Aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amepita 70. Barua zake zimo katika sanduku la bati chini ya kitanda, na wajukuu watakaosafisha chumba hicho hawatajua kwamba ukurasa unaozungumzia buni na nyasi za kutandaza una kazi yoyote. Tangazeni basi redioni na katika makanisa na misikiti ya mijini, kupitia vyama vya watu wa Kagera waishio huko, kupitia walimu wastaafu wa elimu ya watu wazima ambao wanawajua wanafunzi wao kwa majina. Semeni wazi kwamba mnataka barua za mwaka 1978 zinazozungumzia migomba, buni, ng'ombe, mvua na bustani. Na atakayekuja na bahasha akaanza kuomba radhi kwamba humo hamna habari zozote za vita, mpeni kiti.

Wasalaam,
Mwananchi anayezitegemea nyaraka mnazotunza